Sura ya 211: Mlima Uliopitia Kila Namna ya Kumiliki Biashara

Katika mkusanyiko wa sheria za Tanganyika kuna sura tatu zinazofuatana. Sura ya 211 inahusu vyama vya ushirika, ya 212 inahusu kampuni, na ya 213 inahusu kuandikisha majina ya biashara. Mbili za kwanza zilitungwa mwaka mmoja, 1932, na serikali moja, kwa ajili ya watu wawili tofauti kabisa. Mwenye mtaji wa kuwekeza alielekezwa kwenye 212. Mkulima mwenye magunia mawili ya kahawa alielekezwa kwenye 211. Na yule aliyefungua duka lake Moshi mjini bila kushirikiana na mtu, kama duka lilikuwa na jina lisilo lake mwenyewe, alitakiwa kuliandikisha jina hilo tu. Baada ya hapo sheria ilimwacha abebe mzigo wake peke yake.

Maswali ambayo sura hizo zinayajibu ndiyo ambayo watu wa Kilimanjaro wamegombana juu yake kwa miaka mia moja: nani anaamua, nani anapata faida, na siku mambo yakiharibika, deni linakwenda kubisha mlango wa nani.

Mlima huo unafaa kusimulia habari hii kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki kwa sababu zao lake la biashara lilikuwa moja, nalo halikubadilika. Mibuni ya arabika ilianza kupandwa na mapadri wa misheni ya Kilema katika miaka ya 1890. Tangu hapo kahawa ile ile imeuzwa na mwenye shamba peke yake, ikanunuliwa na maduka ya ubia, ikakobolewa na kampuni ya hisa, ikakusanywa na chama ambacho sheria haikuwa na mahali pa kukiweka, ikaingia mikononi mwa ushirika, ikachukuliwa na shirika la umma, kisha ikarudi kwa ushirika uliokuta washindani wamekwishajipanga mlangoni. Anayelifuata gunia la kahawa ya Kilimanjaro anapita katika kila namna ya umiliki inayofundishwa vyuoni.

Mwanzo ni kihamba. Ni shamba la nyumbani, kwa kawaida dogo, lenye migomba juu, mibuni katikati, magimbi na maharage chini, ng'ombe anayelishwa majani zizini, na mfereji wa maji unaotumiwa kwa zamu. Ardhi ilihesabika kuwa ya ukoo, ila mti ulikuwa wa aliyeupanda. Kwa lugha ya sheria ya biashara, mwenye kihamba alikuwa mfanyabiashara binafsi: mali ya shamba na mali ya nyumba ni kitu kimoja, faida yote ni yake, na hasara yote ni yake. Akikopa akashindwa kulipa, mkopeshaji haulizi kama deni lilikuwa la kahawa au la harusi.

Mtu huyo akifa, biashara yake nayo inakwisha kisheria, na kinachobaki ni mirathi. Mila ya Kichagga ilimpa mtoto wa kiume wa mwisho nyumba ya baba. Wa kwanza naye alikuwa na fungu lake, na wa katikati mara nyingi waliambiwa wakatafute kihamba kwingine. Lakini ardhi ya mlima haikuwa na pa kupanukia. Kizazi baada ya kizazi vihamba viligawanywa, vikawa vipande. Udhaifu wa biashara ya mtu mmoja hauonekani wakati wa mavuno. Unaonekana msibani, ndugu wanapokaa kuhesabu mibuni.

Kuna jambo jingine ambalo historia nyingi za ushirika hulipita haraka. Mti ulihesabiwa kuwa wa mume, lakini sehemu kubwa ya kazi ya kupalilia, kuchuma, kumenya na kuanika ilifanywa na mke. Siku ya kuandikisha wanachama ilipofika, jina lililoingia kwenye daftari lilikuwa la mwenye mti. Wanawake wengi wa mlima walihudumia mibuni maisha yao yote bila kuwa na kura hata moja katika chama kilichoiuza kahawa hiyo, na si haki kuisimulia fahari ya ushirika wa Kilimanjaro bila kulitaja hilo.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na wafanyabiashara wakaifuata, wengi wao wenye asili ya India. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Tanganyika ilipowekwa chini ya Uingereza, sheria iliyotawala makubaliano yao nayo ilitoka India: Sheria ya Mikataba ya mwaka 1872, yenye kanuni za ubia ndani yake. Kanuni hizo ni kali. Watu wakifungua duka kwa ubia, kila mmoja ni wakala wa mwenzake. Mmoja akinunua magunia mia kwa mkopo bila kumwarifu mwenzake, deni ni la wote, na mdai anaweza kumfuata yeyote kati yao kwa deni zima, hata kwenye nyumba anayolala na wanawe. Ndiyo maana ubia wa aina hii ulistawi zaidi ndani ya familia na kati ya watu wa jamaa moja, waliojuana kwa ndoa na kwa ibada. Nani atakubali kubeba deni la mtu asiyemjua? Tanganyika ilipotunga Sheria yake ya Mikataba mwaka 1961, ile iitwayo Sura ya 345, ubia ulipewa sehemu yake humo, na msimamo juu ya deni ulibaki ule ule.

Walowezi wa Kizungu waliokuwa na mashamba makubwa walikuwa na chombo kingine, nacho kilikuwa kimepata nguvu zake London mwaka 1897, katika kesi ya mtengeneza viatu.

Aron Salomon alikuwa na biashara ya mabuti Whitechapel. Mwaka 1892 aliigeuza kuwa kampuni yenye wanahisa saba, idadi ya chini kabisa iliyotakiwa wakati ule: yeye, mkewe, binti yake na wanawe wanne. Kati ya hisa 20,007 alishika 20,001; jamaa zake sita walipewa moja moja. Biashara ilipofilisika, wadai walisema huo ni mchezo wa kuigiza, kwamba kampuni na Salomon ni kitu kimoja, na alipe. Baraza la Malodi likawakatalia. Kampuni ikishaandikishwa ipasavyo ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria. Ina mali yake na madeni yake, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na haifi mwanahisa akifa. Mwanahisa akishalipia hisa zake zote, hana cha kudaiwa zaidi. Mawakili wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaitaja kesi hiyo mpaka leo, na wanafunzi wa sheria huikuta mapema sana katika masomo yao.

Sura ya 212 iliileta kinga hiyo Tanganyika katika sheria kamili. Faida yake haina ubishi: mtu anaweza kujaribu jambo kubwa bila kuhatarisha paa la nyumba yake. Lakini katika kampuni ya hisa kura hufuata fedha. Mwenye hisa elfu ana kura elfu. Kwa mkulima wa Uru au Mamba mwenye miti mia mbili, asiye na akiba ya kununua hisa hata kumi, chombo hicho kingemlinda dhidi ya madeni ambayo asingekuwa nayo, na kingemnyima sauti ambayo ndiyo aliyoihitaji.

Na sauti ilihitajika. Wachagga walianza kupanda kahawa kwa wingi baada ya vita, wakihimizwa na Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Walowezi walikuja juu. Walidai kwamba mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa na wadudu, na kwamba kahawa yao ingeibwa. Nyuma ya madai hayo kulikuwa na hofu ya kukosa vibarua, kwa kuwa mtu mwenye kahawa yake hana sababu ya kwenda kupalilia ya mwingine. Kenya hofu hiyo ilishinda: Waafrika walizuiwa kupanda kahawa mpaka miaka ya 1930, na hata hapo waliruhusiwa kidogo kidogo, katika maeneo kama Kisii, Meru na Embu. Kilimanjaro walowezi walishindwa, na sehemu ya sababu ni kwamba wakulima walijipanga mapema.

Mwaka 1925 walianzisha Chama cha Wapanzi Wenyeji wa Kilimanjaro, kilichojulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, KNPA. Rais wake alikuwa Joseph Merinyo. Kazi ya kwanza ya chama ilikuwa ya kujihami: kupata mabomba na dawa za kunyunyizia mibuni, na kusimamia usafi wa mashamba ili walowezi wasipate kisingizio. Kutoka hapo kikaingia kwenye kuuza kahawa ya wanachama kwa pamoja, na wenye maduka wakaanza kukabiliana na muuzaji mmoja mkubwa badala ya maelfu ya wauzaji wadogo.

Tatizo lilikuwa kwamba hakukuwa na sheria iliyotungwa kwa ajili ya chama cha namna hiyo. Ubia usingeweza kubeba watu wengi kiasi kile. Sheria ya kampuni ya Kiingereza iliweka kikomo cha watu 20 kwa biashara ya faida isiyoandikishwa kama kampuni, na kikomo hicho cha wabia kimedumu katika sheria zetu. Kampuni ya hisa nayo ingeweka kura mikononi mwa wachache. KNPA ikaenda kwa ada, daftari na kuaminiana. Chama kinachoishi hivyo kina nguvu siku ambazo watu wanapendana na viongozi wao. Siku ambazo hawapendani, aliyeshika daftari ndiye aliyeshika chama.

Siku hizo zilifika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 chama kilianza kusema mambo yaliyozidi kahawa. Kilisimama dhidi ya mipango ya serikali kuhusu kuandikisha ardhi ya vihamba, na machifu wakaona kimeota mapembe. Kisha bei ya kahawa ikaporomoka pamoja na uchumi wa dunia. Tuhuma za fedha zilipomwangukia Merinyo mwaka 1931, serikali ilipata nafasi ya kukivunja chama na kuunda kingine.

Chombo kipya, Muungano wa Ushirika wa Wenyeji wa Kilimanjaro, au KNCU kwa herufi zake za Kiingereza, kiliandikishwa 1 Januari 1933 chini ya Sura ya 211 iliyokuwa mbichi kabisa. Asili ya sheria hiyo inashangaza kidogo. Waingereza walikuwa wameijaribu kwanza India, kwa sheria ya mwaka 1904 iliyopanuliwa mwaka 1912, na wale wa India walikuwa wameazima wazo kutoka vyama vya mikopo vya wakulima wa Ujerumani. Basi kanuni iliyozaliwa vijijini Ujerumani ilipita Punjab na Bengal ndipo ikafika Machame na Marangu, nchi ambayo Wajerumani wenyewe walikuwa wameitawala bila kuwaletea wakulima wake.

Ushirika ulipata kile ambacho KNPA haikuwa nacho: nafsi ya kisheria. Ungeweza kumiliki ghala, kufungua akaunti, kukopa na kushtaki kwa jina lake. Ndani yake kura ni moja kwa kila mwanachama, awe ana miti hamsini au elfu tano. Hisa zipo, lakini haziuzwi sokoni kama za kampuni, na hazimpi mtu sauti ya ziada. Ziada ikipatikana hugawanywa kwa kufuata kilo ambazo kila mtu ameleta. Wakulima ni wanachama wa chama cha msingi cha eneo lao, na vyama vya msingi ndivyo wanachama wa muungano ulioko Moshi, ulioendeshwa miaka hiyo na meneja Mwingereza, A. L. B. Bennett.

Halafu kuna Mrajis. Msajili wa kampuni kwa kawaida hupokea makaratasi na kuyahifadhi. Mrajis wa vyama vya ushirika ana mamlaka ya kuingia ndani: kukagua vitabu, kuchunguza viongozi, hata kukifuta chama. Kwa upande mmoja ni ulinzi wa mnyonge asiyejua kusoma hesabu. Kwa upande wa pili ni mkono wa serikali ndani ya mali ya watu, na huo mkono haujatoka hadi leo, ingawa jina la ofisi yake limebadilika mara kadhaa.

Watu wa mlima waliuhisi mapema. Mwaka 1934 lilitolewa agizo kwa jina la machifu kwamba kahawa yote ya Wachagga iuzwe kupitia KNCU. Ushirika ambao kwa asili ni wa hiari ukawa wa lazima kwa wanachama na wasio wanachama. Bei za mwaka 1935 zilipokuwa mbaya, baadhi ya wakulima waliona kwamba wenye maduka wangewalipa vizuri zaidi. Walikwenda mahakamani kupinga agizo, na hawakufua dafu. Septemba 1937 hasira zililipuka. Maghala ya vyama yalishambuliwa na watu wakakamatwa. Mwaka huo huo serikali ilitunga sheria mahususi ya kudhibiti na kuuza kahawa ya wenyeji, na kuunda bodi ya kuisimamia. Wakulima hawakuwa wamekataa kuuza pamoja. KNPA walikuwa wameiunda wenyewe. Walichokataa ni kunyimwa haki ya kujitoa, na haki hiyo ndiyo inayomfanya mtu awe mwanachama badala ya raia wa chini.

Ajabu ni kwamba chama hicho hicho, miaka kumi na tano baadaye, kilikuwa fahari ya Tanganyika. Bei ya kahawa ilipanda sana baada ya Vita vya Pili. KNCU ikajenga jengo lake kubwa Moshi mjini, lenye hoteli, ikafungua chuo cha biashara, ikasomesha vijana. Ushirika ukawa pia mwanahisa katika kampuni ya kukoboa kahawa ya Moshi, TCCCo. Yaani watu wa Sura ya 211 waliingia kwenye Sura ya 212 kwa mlango wa mbele, wakakaa mezani kama wenye hisa. Chuo cha Ushirika kilipoanzishwa mwaka 1963, kilianzishwa Moshi, na sasa ni Chuo Kikuu cha Ushirika.

Siku ya kupeleka kahawa ilikuwa na utaratibu wake, na bado upo katika vyama vingi. Mkulima amechuma buni nyekundu tu, amezimenya kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, amezilowesha mpaka utelezi ukatoka, ameziosha na kuzianika siku nyingi juu ya kichanja, akizifunika mvua inapotisha. Anafika na gunia kichwani au juu ya baiskeli. Karani anatia mkono ndani, anachota kiganja, anasikiliza mlio wa kahawa iliyokauka, anatazama kama kuna nyeusi au zilizovunjika. Kisha mizani. Kisha stakabadhi. Fedha anayopewa mkulima pale si bei ya kahawa yake. Ni malipo ya awali. Kahawa ikishakobolewa na kuuzwa mnadani Moshi, gharama zikishatolewa, kinachosalia kinarudi kwake kama malipo ya pili, na mwaka mzuri huwapo ya tatu, ambayo wanaushirika huiita majaliwa.

Hapo ndipo tofauti ya umiliki inaposhikika mkononi. Mwenye kuuza kwa mfanyabiashara binafsi hupokea fedha yake yote siku hiyo na habari imekwisha. Bei ikipanda kesho, faida ni ya aliyenunua. Mwanaushirika bado ni mwenye kahawa mpaka inapouzwa Moshi. Anangoja, na kungoja kwake ndiko kunakompa haki ya majaliwa. Ila anangoja pia makosa ya viongozi wake. Karani akiiba, ghala likivuja, mkopo wa benki ukizidi, vyote hukatwa kabla ya malipo ya pili, na mkulima wa Rombo huambiwa mwaka huu hakuna kitu.

Kando ya Ziwa Victoria hali ilikuwa tofauti kidogo. Wakulima wa pamba wa Usukuma walianza na mizani, kwa sababu mizani ya wanunuzi ndiyo iliyokuwa ikiwaibia. Paul Bomani aliwaunganisha, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambao kufikia uhuru ulikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika Afrika. Bomani mwenyewe alikuwa waziri katika serikali ya Nyerere.

Baada ya uhuru vyama vilifunguliwa kila mkoa, vingine kwa uhitaji wa wakulima, vingine kwa uhitaji wa wanasiasa. Tume ya Rais ya mwaka 1966 ilikuta wizi, uajiri wa kujuana na makato yasiyoelezeka. Azimio la Arusha likafuata Februari 1967. Benki zilitaifishwa siku moja baada ya kutangazwa kwake, na katika miaka iliyofuata yakaota mashirika ya umma, zaidi ya mia nne kufikia miaka ya 1980. Tarehe 14 Mei 1976 miungano ya ushirika ilivunjwa yote, KNCU ikiwemo, pamoja na majengo yake, magari yake na historia yake. Kahawa ikakabidhiwa mamlaka mpya ya kahawa iliyoundwa mwaka 1977.

Shirika la umma ni kiumbe tofauti kisheria. Halina wanachama. Mara nyingi huzaliwa na sheria yake lenyewe iliyopitishwa na Bunge, mwenyekiti wake huteuliwa na Rais, wajumbe wa bodi na waziri, na mwenye mali ni Hazina kwa niaba ya taifa. Kwa maana hiyo kila Mtanzania alikuwa mmiliki wa mamlaka ya kahawa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza fedha zimekwenda wapi, kwa kuwa mkutano mkuu haukuwapo. Malipo yalichelewa. Pembejeo zilichelewa. Wakulima wakahamishia nguvu zao kwenye ndizi, mahindi na nyanya, na mibuni ikaachwa izeeke. Hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika simulizi hii, kwa sababu mti usiopandwa mwaka 1978 haukuwapo kuzaa mwaka 1988.

Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama vya ushirika, na KNCU ilianza tena mwaka 1984. Ilirudi ikiwa na jina, na jengo, na watu wazee waliokumbuka majaliwa. Katika msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini. Wengi wao walikuwa kampuni zenye mitaji ya nje, nao walilipa taslimu pale pale. Kwa familia yenye ada ya shule ya kulipa Januari, taslimu ya leo ilikuwa na nguvu kuliko ahadi ya malipo ya pili. Sehemu ya kahawa iliyopitia ushirika ikashuka mno.

Wengine hawakuona sababu ya kuchagua kati ya hayo mawili. Katika miaka ya 2000 vyama vya msingi 32 vilijiunga pamoja, vikajiita G32, vikaamua kupeleka kahawa yao mnadani bila kupitia KNCU. Sheria mpya ya ushirika ya mwaka 2003 iliruhusu vyama vya msingi kufanya shughuli za pamoja kwa ubia. Mzozo kati ya G32 na muungano mama ulikuwa mkali, na ukiusikiliza vizuri ni ule wa 1937 umerudi: je, mwanachama anaweza kuondoka? Safari hii waliotaka kuondoka waliondoka bila kushambulia ghala, wakiwa na hati mkononi. Hiyo ni hatua kubwa ambayo haikupewa heshima inayostahili.

Njia nyingine ya umiliki ilionekana katika benki. Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, CRDB, iliundwa mwaka 1984 kutokana na benki ya umma ya miaka ya 1970. Mwaka 1996 ikawa benki binafsi, na mwaka 2009 hisa zake zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, soko lililokuwa limefunguliwa mwaka 1998. Benki iliyoundwa kwa jina la ushirika sasa inaendeshwa kwa sheria ya kampuni, na mwenye hisa nyingi ana kura nyingi. Sura ya 212 ya awali ilikuwa imepumzishwa: Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006, ilichukua nafasi ya ile ya 1932. Upande wa ushirika, sheria ya mwaka 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na mamlaka ya Mrajis yakahamia humo.

Leo kwenye miteremko ya Siha na Hai, kijana aliyerithi kipande cha kihamba huenda asipande kahawa kabisa. Anapanda parachichi kwa ajili ya soko la Ulaya, na anauza kwa kampuni yenye shamba kubwa karibu naye, inayompa miche na ushauri na kuja kuchuma kwa ratiba yake. Kijana huyo hana hisa katika kampuni hiyo, kwa hiyo hana kura. Si mwanachama wa chama, kwa hiyo hana majaliwa wala Mrajis wa kumkimbilia. Alicho nacho ni mkataba wa kurasa chache. Kampuni ikikataa matunda yake kwa kusema hayana ukubwa unaotakiwa, atakwenda na mkataba huo kwa wakili Moshi mjini, na wakili atafungua Sura ya 345, ile ile yenye kanuni za wabia wa maduka ya zamani, aanze kusoma kifungu cha makubaliano ili aone kama mteja wake ana madai.